Kwa Mdogo Wangu, Uliyetoka Ukumbini na Mama

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unaufungua, tiki mbili za buluu, kisha kimya. Nimeamua kuandika hapa kwa sababu jambo lenyewe lilitokea mbele za watu, na wengi waliokuwamo ukumbini siku ile wanapita hapa kusoma.

Mtaani bado wanasema ulitoka kwenye mhadhara wangu wa mageuzi ya viumbe kwa ajili ya nyani. Kwamba ustadhi alishindwa kuvumilia mama yake mzazi kupewa ukoo na wanyama, akamshika mkono akamtoa. Wapo wanaokusifu kwa hilo na wapo wanaokucheka. Wote wamekosea. Nilijua wamekosea tangu pale pale, nikanyamaza.

Usiku wa kuamkia mhadhara ulikaa nami barazani hadi saa tano. Nilikuletea ile aya ya 14 ya Suratu Nuh, kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba kwa hatua mbalimbali, ukanisomesha kama unavyowasomesha watoto wa madrasa. Ukasema herufi yangu ya twaa nyepesi mno, niikaze. "Atwaaraa, Dada, siyo ataraa." Nilirudia mpaka jirani akachungulia dirishani. Kisha ukaniambia, "Lakini waambie aya hii haikuteremka kufundisha baiolojia." Nikakubali, na kesho yake niliwaambia hivyo hivyo.

Hukuwa adui wa mhadhara ule. Ulikuwa na maswali, tena ya haki. Ulinionyesha kwenye simu video ya mkia wa bakteria, unaozunguka kama mota ya boti za Kitunda, ukauliza: ukitoa kipande kimoja, si mota nzima inakufa? Nani basi aliipanga? Ndiyo hoja ya Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani, tangu kitabu chake cha mwaka 1996. Nikakujibu kwamba baadhi ya vipande vya kitako cha mkia ule vinafanana na vya sindano ambayo bakteria wengine hudungia sumu. Kipande kinaweza kuwa na kazi yake kabla mota haijawa mota. Nikakusimulia kesi ya Dover, Pennsylvania, kule Marekani, mwaka 2005, Jaji John Jones alipoamua kwamba hoja ya Msanifu, yaani kwamba viumbe vilipangwa na mwenye akili, ni ya kidini na haina nafasi katika somo la sayansi. Nikakwambia pia kwamba Kenneth Miller, mwanabiolojia aliyetoa ushahidi kuyatetea mageuzi, ni Mkatoliki. Ukanyamaza kidogo, ukasema, "Basi jaji amehukumu somo, hakumhukumu Mungu." Neno hilo nililibeba hadi ukumbini nikalisema, wala sikusema ni lako.

Habari ya kadi sikukugusia kabisa usiku ule. Nilijua utakataa.

Ukumbi ulijaa, unakumbuka. Habari za Tendaguru, kilima cha huku kwetu kilikofukuliwa mifupa ya dinosaria, waliziitikia vizuri, maana ni watu wa Lindi hii hii waliobeba mifupa ile vichwani, tangu 1909 hadi 1913, kutoka kilimani hadi bandarini. Nikawaambia yule dinosaria, mjusi mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13, na kwamba aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Wakashangilia. Lakini mjusi yuko mbali, mdogo wangu. Mtu anamshangaa, anakwenda zake kula. Mimi nilitaka wayaone mageuzi ndani ya damu zao wenyewe. Nikaweka picha kwenye lile shuka: chembe za damu za duara, na nyingine zilizopinda kama mundu. Nikaeleza alichoonyesha mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954: aliyerithi kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa chembe hizo zilizopinda, kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kinasaba hicho kikabaki na kuenea katika nchi zenye mbu kama pwani yetu. Anayekirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Hapo nikatia mkono mkobani, nikatoa kadi ya kliniki ya marehemu mdogo wetu, nikainyanyua.

Mama aliijua kabla sijasema neno. Ilikuwa bado ndani ya kile kimfuko cha kipande cha kanga alichokishona yeye.

Hukuja kwenye maiki. Ulipiga goti mbele ya Mama, ukavitafuta viatu vyake chini ya kiti, ukamvisha kimoja, ukafunga mkanda. Cha pili kilikusumbua, tundu la mkanda limechanika, ukawa unajaribu na kujaribu. Na mimi niliendelea kusema. Nilikuwa nimefika pale pa wazazi wote wawili wenye kinasaba hicho, kwamba kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa ya mtoto mgonjwa. Nilisema "moja kati ya nne" huku nakutazama ukihangaika na kiatu cha Mama.

Mlangoni uligeuka, ukasema, wala si kwa kelele, "Umemfanya mfano."

Waliokuwa nyuma walikusikia, nami nilikusikia. Waliokuwa mbele hawakusikia. Mmoja akapaza takbiri, wakaitikia. Mwingine akashika maiki akaniuliza kama hata ndugu yangu amekataa kuwa nyani, watu wakaangua kicheko. Nami nikajibu swali la nyani. Nilieleza kwa utulivu kwamba hakuna anayesema tumezaliwa na nyani hawa wa leo, ila sisi na wao tuna asili moja ya zamani sana. Nilijibu vizuri, nikapigiwa makofi. Nilitakiwa kusema: hapana jamani, huyu ametoka kwa ajili ya marehemu mdogo wake. Sikusema. Hilo ni kosa langu, na nalikiri hapa mbele ya wale wale.

La kadi bado sijaweza kulikiri.

Kwa sababu nawe kumbuka. Usiku wa kipupwe mifupa ilipomshika marehemu, nani walikuwa wakipasha kanga kwa pasi ya mkaa na kumkanda miguu hadi adhana ya alfajiri? Mama na mimi. Wewe ulikuwa Unguja masomoni. Sikulaumu kwa masomo. Kila likizo ulimletea tende, naye alizificha chini ya mto akawa ananihesabia zilizobaki, hataki hata kunionjesha, "hizi za kaka." Lakini ulirudi kuongoza dua, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ile kadi kwenye foleni ya damu. Ikiwa kuna mtu mwenye haki ya kuinyanyua, ni nani?

Na mwanao ameposwa. Mimi nilishapima, kinasaba ninacho. Wewe hujapima mpaka leo, na mwanao hajapima, na kijana anayemuoa ni mtu wa pwani hii hii. Sisemi ndoa ivunjwe. Nasema wajue, wote wawili, kabla ya kuzaa. Unaniambia hayo ni kadari. Nami naamini kadari, lakini wewe ndiye uliyenisomea hadithi ya yule mtu na ngamia wake, kwamba amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu. Siku ile baada ya mhadhara wanawake wawili walinifuata hadi nje, mmoja ana mimba, wakaniuliza wakapime wapi. Hawakuniuliza habari za mjusi wa Tendaguru, wala za bakteria. Waliniuliza kwa sababu ya kadi.

Mama amemtuma mwanao mara mbili kuja kuichukua. Mara zote mbili nimemrudisha mikono mitupu, nikamwambia bado naitafuta. Siitafuti. Iko kabatini, ndani ya kimfuko chake. Njoo uichukue wewe. Ukija baada ya swala ya alfajiri utanikuta barazani.

Dada yako.