Kuta Zilizonikuta: Barua kwa Mwanangu Anayemsoma Cavafy

Bukoba, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nami kabla ya kukujibu nikuarifu kwamba sote huku nyumbani tu wazima, na baba yako, ambaye mguu wake umepona, amekwisha rudi kwenye migomba yake. Umeniuliza kama mtu asiyejua Kigiriki ana haki ya kusema kwamba amemsoma Cavafy, mshairi aliyeandika kwa Kigiriki, ilhali alichosoma ni Kiingereza cha mtu mwingine, na umeniambia kwamba wenzako walikucheka uliposema unampenda mshairi huyo. Swali hilo nimekaa nalo tangu siku niliyonunua kile kitabu chenye jalada lililochanika, tafsiri ya Edmund Keeley na Philip Sherrard, kwa muuza vitabu wa mitumba aliyekuwa ametandaza gunia lake kando ya barabara jijini Dar es Salaam, kabla wewe hujazaliwa. Kwa hiyo ninayokuandikia si majibu niliyoyabuni leo.

Kwanza, Kiingereza hakikuwa lugha ngeni kwa Cavafy mwenyewe. Konstantinos Kavafis, kama Wagiriki wanavyomwita, alizaliwa Aleksandria, Misri, tarehe 29 Aprili 1863, akafariki katika mji huo huo tarehe 29 Aprili 1933, siku aliyotimiza miaka 70. Wazazi wake walikuwa Wagiriki wa Konstantinopoli. Baba, aliyekuwa mfanyabiashara, alifariki mwaka 1870, na baada ya hapo mama aliwachukua watoto wakaishi kwa miaka kadhaa Uingereza, Liverpool na London, hata mtoto huyu akakulia katika lugha mbili. Kaka yake John ndiye aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuyatia mashairi yake katika Kiingereza. Cavafy mwenyewe aliporudi Aleksandria aliishia kuwa karani wa idara ya umwagiliaji, akaitumikia kwa takriban miaka 30 mpaka 1922, na muda wote huo hakuuza hata kitabu kimoja cha mashairi: aliyachapisha katika karatasi moja moja, akayasahihisha tena kwa mkono wake, akawagawia marafiki. Mkusanyiko wa yale 154 aliyoyaridhia ulitoka mwaka 1935, yeye akiwa kaburini. Wala si mtu wa mbali sana kwetu sisi tunaoongea Kihaya jikoni, tunaofundisha kwa Kiswahili na kusoma riwaya kwa Kiingereza.

Sasa, kuna mashairi yake ambayo yangevuka maji hata kwa ngalawa mbovu. Soma tena lile la kuwangojea washenzi, lililotoka mwaka 1904. Watu wamekusanyika uwanjani na mmoja anauliza, mwingine anajibu: kwa nini wabunge hawatungi sheria, kwa nini mfalme ameamka mapema akaketi langoni na taji kichwani, kwa nini wasemaji hodari hawakuja leo kutoa hotuba zao. Jibu ni moja, kwamba washenzi wanafika leo. Usiku unaingia, washenzi hawaji, wengine wanaleta habari kutoka mpakani kwamba washenzi hawapo tena, na mji unabaki umefadhaika, kwa sababu watu wale walikuwa namna fulani ya ufumbuzi. Hapo hakuna fumbo la sauti wala tamathali ya kupotea njiani; kuna swali, jibu, na subira ya mtu anayejua mwisho wa habari asiutaje mapema. Mshairi W. H. Auden, aliyeandika utangulizi wa tafsiri ya Rae Dalven mwaka 1961, alikiri kwamba Cavafy alikuwa amemwathiri kwa miaka mingi ingawa alimjua kwa tafsiri tu, na akaona kwamba kinachosalia katika kila tafsiri ni sauti ya mtu, namna yake ya kusema. Kwa hiyo wanaokucheka wewe wamcheke na Auden.

(Shairi la Ithaka silizungumzii. Ni zuri, lakini limesomwa katika mahafali na mazishi mno, hata katika mazishi ya Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais Kennedy wa Marekani, mwaka 1994, na mimi limenichosha kama wimbo wa harusi unaopigwa kila Jumamosi.)

Lakini kuna shairi moja ambalo nililisoma kwa Kiingereza miaka na miaka nikidhani nimelielewa, kumbe nilikuwa nimesimama barazani tu. Linaitwa "Kuta", la mwaka 1896, mishororo minane basi. Mtu analalamika kwamba watu wamemjengea kuta bila kufikiri, bila huruma, bila haya, naye ameketi anakata tamaa, maana alikuwa na mambo mengi ya kufanya huko nje. Anashangaa ilikuwaje asigundue walipokuwa wakijenga, lakini hakusikia kishindo cha waashi wala sauti yoyote, na bila yeye kuhisi wakamfungia nje ya dunia. Kwa Kiingereza ni malalamiko ya kawaida, yamepangwa vizuri, basi.

Mwaka juzi nilimpelekea kitabu hicho padre mmoja wa Kiorthodoksi wa hapa kwetu, aliyepata kusoma Athens. Unajua kwamba Waorthodoksi wetu wako chini ya Patriaki wa Aleksandria na Afrika Yote, kwa hiyo Aleksandria kwa padre ni mji wa kila siku, hutajwa kila ibada. Nilimwomba aniandikie shairi hilo kwa Kigiriki na kunisomea kwa sauti. Aliposoma nikamsimamisha nikidhani amerudia mshororo kwa kukosea. Hakukosea. Neno la Kigiriki la "kuta" hutamkwa tikhi, na neno la "bahati" au "yaliyomfika mtu" nalo hutamkwa tikhi. Maandishi ni tofauti, sauti ni moja, na Cavafy ameyaweka mwishoni mwa mishororo yake, moja likimjibu jingine. Neno la "haya", ile ya aibu, ni edho, kwa dh ile ile ya dhahabu, na neno la "hapa" nalo ni edho. "Nilikuwa na" ni ikhon, na "sauti" ni ikhon. Ni jozi ya nne tu iliyo na vina vya kawaida, proseksο na ekso, yaani "kugundua" na "nje". Kwa hiyo msikilizaji wa Kigiriki anasikia sauti ile ile ikirudi, imemzunguka, hana pa kutokea. Shairi linalozungumzia kuta limejengwa kwa kuta, na kuta hizo hazikusikika zikijengwa, kama vile mimi nisivyozisikia kwa miaka yote ile.

Katika Kiingereza neno la ukuta na neno la majaliwa hayana undugu wowote wa sauti, na mfasiri hana la kufanya. Simlaumu. Hata hivyo, nilipoirudia tafsiri ya Keeley na Sherrard niliona wamesema kuta ni nene na ndefu, ilhali Dalven amesema ni kubwa na ndefu. Nikamuuliza padre, akaniambia Kigiriki kinasema kubwa. Jambo hilo ni dogo, lakini tangu siku hiyo husoma nikiwa na tafsiri mbili mezani, na pale zinapotofautiana ndipo ninapojua kwamba Kigiriki kimejificha chini yake. Fanya hivyo na wewe. Tafsiri moja humfanya msomaji asahau kwamba kuna mtu katikati.

Usiku wa siku ile sikulala. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa miaka 31, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba lugha yetu ina kuta za mjengo na ina kuta za mambo yanayomkuta mtu. Tena ina haya ya aibu na haya ya kuonyesha (na usicheke kwamba ni Mhaya anayekuandikia habari za haya). Jozi mbili za Cavafy, ambazo Kiingereza hakiwezi kuzigusa, zilikuwa zimelala katika Kiswahili zikimsubiri mtu. Niliwasha taa nikaandika:

Pasipo kuzingatia, pasi huruma na haya,
wamenijengea pande zote kubwa, ndefu kuta;
nimeketi ninakata tamaa sasa kwa haya
yanayonila akili, haya yaliyonikuta.

Mizani ni 16 kila mshororo, unaweza kuhesabu. Vina vya kati vimenishinda, na mshororo wa pili umepasuka vibaya, kwani "pande" imebaki upande mmoja na "zote" imeangukia upande wa pili. Malenga wa Mombasa angenifukuza barazani. Isitoshe, Mgiriki amesema "bila" mara tatu, kama misumari mitatu, nami nimepigilia miwili. Na ili nilipate neno "haya" mara ya pili nimeliuza neno "hapa", ambalo lina uzito wake, kwa kuwa mtu yule amefungiwa hapa na mambo yake yako nje. Hivyo ndivyo biashara ya kutafsiri inavyokwenda, unanunua kitu kimoja kwa kuuza kingine. Unamkumbuka Mwalimu Nyerere na tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969? Neno la Shakespeare lilikuwa la mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu akalifanya mabepari, wengi, na kila mwanafunzi niliyemfundisha aliingia katika tamthilia ile akiwa ameshajua nani wa kumchukia.

Jambo jingine utalikuta ukifika kwenye mashairi yake ya mapenzi. Cavafy aliwapenda wanaume, na katika mashairi ya baadaye hafichi, lakini katika mengine hatuambiwi mpendwa ni nani, kwa kuwa kitenzi cha Kigiriki hakihitaji kiwakilishi mbele yake. Anasema tu alikuja, alikaa, aliondoka. Kiingereza hakina uhuru huo. Lazima mfasiri achague mwanamume au mwanamke, na akishachagua, ukimya wa mshairi umevunjwa, hata kama amechagua sawa. Sisi tuna ile "a-" yetu ambayo haimtaji mtu kwa jinsia. Ukisoma shairi la namna hiyo kwa Kiingereza, jisomee mara ya pili moyoni kwa Kiswahili, uone ni kiasi gani cha ukimya kinachorudi.

Nadhani sasa umeona kwa nini sikujibu swali lako kwa ndiyo au hapana. Umemsoma Cavafy, ila umemsoma kama anavyosikika mtu anayeongea chumba cha pili: maneno unayapata, unajua ni yeye, unajua kama ana huzuni au anafanya mzaha, lakini huoni midomo yake. Mimi ninampenda kwa sauti hiyo ya chumba cha pili, na sijaona sababu ya kumwomba mtu radhi.

Mishororo minne ya mwisho ya "Kuta" imenishinda. Nimetafuta neno la Kiswahili la sauti ambalo pia ni la kuwa na kitu, sijalipata. Na "nje" nayo sijaipatia mwenzake wa kina. Padre ameahidi kuniandikia mishororo hiyo kwa herufi zetu ili nikutumie pamoja na kahawa ambayo mjomba wako ataileta mwisho wa mwezi. Jaribu wewe.

Wako akupendaye,
Mama