Mtihani wa fundi wa elektroniki uanze na bodi iliyokufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wanaohusika na mafunzo ya ufundi wa elektroniki nchini, hasa wale wanaoandaa mitaala na kutunga mitihani. Nina karakana ya elektroniki hapa Morogoro. Nilianza kwa kutengeneza redio na runinga, lakini leo kazi nyingi inayoingia mlangoni kwangu inatoka viwandani na mashambani: draivu (vifaa vya kudhibiti mwendo wa mota) za mashine za kukoboa mpunga, inveta za sola, vidhibiti vya pampu za visima, mizani ya kielektroniki, chaja za betri za lithiamu. Kila mwaka nawapokea vijana wawili au watatu, wengine wakiwa kwenye mafunzo kazini na wengine wakiwa na vyeti tayari, na kila mwaka nalazimika kuanza nao mambo ambayo walipaswa kuja nayo.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja mwenye cheti kizuri. Sitakitaja chuo chake, kwa sababu hili ninaloeleza nimeliona kwa vijana wa vyuo mbalimbali. Nilimkabidhi draivu ya mota ya fezi tatu iliyotoka kwenye mashine ya kukoboa, ambayo ilikuwa imechomolewa kwenye umeme muda huohuo. Alifungua kifuniko upesi, mkono wake ukionyesha kabisa kwamba umezoea bisibisi, kisha akaupeleka moja kwa moja kwenye kapasita kubwa, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilizo katikati ya bodi. Nilimdaka kifundo cha mkono. Umeme wa volti 400 ukishanyooshwa na dayodi hufikia takriban volti 565 kwenye kapasita hizo, na haziishiwi chaji papo hapo mtu anapochomoa waya. Ndiyo maana watengenezaji hubandika onyo kwamba fundi asubiri dakika kadhaa, kisha apime kwa mita kabla hajagusa chochote. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa hajawahi kuiona draivu ikiwa wazi tangu azaliwe.

Baadaye siku ileile aliniuliza kuhusu vipande vyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele, vilivyoandikwa 103. Alidhani ni namba ya kuagizia kipuri. Nikamuuliza kama anaijua rezista, kipuri cha kuzuia mkondo wa umeme, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na chungwa. Akanijibu bila kusita kwamba ni ya omu 10,000, na akanitajia jedwali zima la rangi kama mtoto anayekariri aya madrasa. Nikamwambia kwamba kahawia ni moja, nyeusi ni sifuri na chungwa ni sifuri tatu za kuongeza, kwa hiyo 103 ni rezista ileile aliyoijua, ila imevuliwa rangi na kuvishwa tarakimu. Alinyamaza kidogo, kisha akainamia bodi na kuanza kusoma vipande vingine peke yake, kimoja baada ya kingine. Haikupita robo saa akawa amevimaliza.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo zima ninaloandikia. Kijana alikuwa ameelimika. Kanuni ya Omu aliijua, kazi ya dayodi aliijua, na hesabu zake zilikuwa safi. Kilichokosekana ni daraja la kumvusha kutoka kwenye ubao wa darasani hadi kwenye kifaa kilicholetwa na mteja mwenye hasira ambaye mashine yake imesimama na wakulima wamepanga foleni na magunia yao. Daraja hilo halikujengwa kwa sababu hakuna aliyelitahini.

Mtaala wetu wa ufundi stadi, ukiusoma kwenye karatasi, unazungumzia umahiri, na hilo ni jambo jema. Lakini mwalimu yeyote, awe wa hesabu au wa karakana, hufundisha kile anachojua kitatoka kwenye mtihani. Vijana ninaowapokea wananieleza kwamba mtihani wao wa vitendo ulikuwa kuunda saketi kwa kufuata mchoro: transfoma, dayodi nne, kapasita, na aisii (chipu) ya kudhibiti volti, vyote vipya na vizima, vimepangwa mezani. Ni zoezi zuri kwa mtu wa muhula wa kwanza. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mteja aliyewahi kuniletea mchoro na vipuri vizima akaniomba nimuunganishie. Huletwa kitu kilichokufa, mara nyingi hakina mchoro wowote, na mteja hutaka majibu matatu: kimeharibika nini, kinatengenezeka, na itagharimu kiasi gani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba mtihani wa mwisho wa fundi wa elektroniki ubadilishwe. Mtahiniwa akabidhiwe bodi halisi yenye hitilafu, pamoja na maelezo ya mtengenezaji, mita, oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) na saa nne. Alama nyingi zitolewe kwa jinsi alivyoanza kwa usalama, kwa mpangilio wa vipimo vyake, na kwa taarifa fupi anayoiandika akieleza alichokikuta na kwa nini anaamini hicho ndicho chanzo; kufufuka kwa bodi kuwe na sehemu yake, lakini kusiwe kila kitu, kwa sababu zipo bodi ambazo fundi mzuri huzikagua na kushauri zitupwe. Pembeni ya mtahini akae fundi mmoja anayefanya kazi hiyo kila siku kiwandani au kwenye karakana.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki: mtihani wa taifa lazima uwe sawa kwa wote, na bodi zilizokufa hazifi kwa namna moja. Jibu lake lipo. Vinunuliwe vifaa vya ugavi wa umeme (pawasaplai) vya bei nafuu vya aina moja kwa vituo vyote, kisha hitilafu ileile ipandikizwe kwenye kila kimoja kabla ya siku ya mtihani: rezista ya kuanzishia imekatika, au dayodi ya upande wa kutolea umeme imepiga shoti. Kazi hiyo fundi mmoja anaweza kuimaliza kwa bodi 30 kabla jua halijazama. Mwaka unaofuata hitilafu inabadilishwa.

Kuhusu vifaa, nisingependa tuanze kwa kudai vitu vya gharama kubwa ambavyo vitafungiwa kabatini visije vikaharibiwa na wanafunzi. Yapo mambo mawili tu ambayo hayakwepeki. La kwanza ni kifaa cha kulehemu chenye kudhibiti joto. Lehemu ya zamani ya bati na risasi iliyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini tangu Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi kwenye vifaa vya elektroniki mwaka 2006, bodi nyingi zinazotufikia zimeunganishwa kwa lehemu isiyo na risasi, inayotaka kama nyuzi 217 ndipo iyeyuke. Kijana aliyezoea kifaa kisichopimwa joto hukandamiza mpaka njia ya shaba inabanduka, na bodi iliyokuwa na hitilafu moja inakuwa na mbili. La pili ni mashine ya upepo wa moto, hata moja kwa wanafunzi wanne, kwa sababu aisii nyingi za siku hizi hazina miguu inayopita upande wa pili wa bodi. Runinga za chogo ambazo bado naziona kwenye baadhi ya karakana za kufundishia zinaweza sasa kupumzishwa. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na mtoto aliyezaliwa siku hiyo leo anakaribia umri wa kujiunga na ufundi.

Walimu wasibebeshwe lawama. Mkufunzi aliyetoka kiwandani miaka 15 iliyopita, na tangu siku hiyo hajapewa hata mwezi mmoja wa kurudi, atafundisha kiwanda alichokiacha. Napendekeza kila mkufunzi wa elektroniki apelekwe kazini kwa wiki sita kila baada ya miaka mitatu, mshahara wake ukiendelea. Fedha za kufanya hivyo zina chimbuko halali: waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo iliwahi kuwa asilimia 6 ya mishahara na ikashushwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na sehemu yake ndiyo inayoendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mwajiri anayeilipa angefurahi kumwona mkufunzi mlangoni kwake akiwa amevaa ovaroli. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kipo hapahapa Morogoro, na sioni mahali panapofaa zaidi pa kuuratibu mpango huo.

Kuna pia walimu tulio nao ambao hatuwatumii. Nenda Kariakoo uwaangalie mafundi simu wakiwa wameinamia hadubini, wakinyanyua aisii, wakisafisha na kupanga upya vidoti vya lehemu chini yake, kisha wakairudisha mahali pake simu ikawaka. Wengi wao ujuzi huo waliupata mezani kwa mwenzao, bila darasa. VETA inao utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, jambo ninaloliheshimu sana. Liongezewe hatua moja, kwamba walio bora kati yao waalikwe kufundisha saa chache kwa wiki, hata kama hawakumaliza kidato cha nne.

Naandika sasa kwa sababu wakati ni huu. Serikali inajenga vyuo vya ufundi stadi wilayani, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari. Kuta zinapanda, meza za karakana zitanunuliwa, na kitakachowekwa juu ya meza hizo kitabaki hapo kwa miaka 20. Wakati huohuo, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 inapita hapa kila siku, ikivuta umeme kutoka kwenye nyaya za volti 25,000 na kuupitisha kwenye vifaa ambavyo kanuni yake ni ileile ya ile draivu ya mashine ya mpunga, ila vyenyewe ni vikubwa zaidi. Vifaa hivyo vitaharibika, kama vifaa vyote. Ningependa vikiharibika vifunguliwe na kijana wa Kihonda au wa Kilosa anayejua kwamba ni lazima asubiri, apime, ndipo aguse.

Stoo yangu ina bodi zisizopungua 40 za draivu na inveta ambazo wenyewe waliziacha. Chuo chochote cha mkoa huu kitakachotaka kujaribu mtihani wa namna hii kwa darasa moja tu kije kuzichukua bila malipo, nami nitaandika hitilafu ya kila bodi kwenye bahasha iliyofungwa, ifunguliwe vijana watakapokuwa wamekwisha kukabidhi taarifa zao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa elektroniki,
Morogoro.