Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkindu Wetu wa Visiwa vya Ssese

Ndugu wanachama, wazee wetu na kina mama wasukaji, nawasalimu.

Kila nikivuka kwenda bara nikisema natoka Kalangala, wilaya yetu ya visiwani Uganda, na chama chetu kinatunza miti ya jamii ya mitende, naulizwa bei ya mawese. Michikichi ya mashamba makubwa ilianza kupandwa kisiwani Bugala mwaka 2005, na wapo kati yetu wanaosomesha watoto kwayo. Sina ugomvi nayo. Sisi ni watu wa mkindu, mtende mwitu wa asili ya hapa, ambao majani yake husukwa mikeka.

Kidunia mkindu hauhesabiwi kuwa hatarini, ndiyo maana wafadhili hawatuoni. Lakini hapa unapungua ufuko kwa ufuko. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha maji cha Jinja, likapita rekodi ya 1964, na kingo nyingi zikaliwa. Maji yaliporudi, watu walifyeka hata ndani ya zile mita 200 zinazolindwa na sheria.

Mwaka huu tumehangaika zaidi na ukataji. Msukaji hutaka jani changa la katikati, lililofumba bado, maana ndilo laini na jeupe la kutoa ukili mzuri, yaani utepe wa kusukia mikeka. Ukilikata juu ya kikonyo, shina linaendelea. Ukichokoa mpaka kwenye moyo, shina hilo limekufa, halitoi kilele kingine. Yanabaki maotea ya chini, na hayo mbuzi hawayaachi.

Kitaluni, baadhi yenu mmedai miche ya kike tu. Mkindu dume na jike ni miti mbalimbali, na mche wa mbegu haujulikani hadi utoe maua, miaka kadhaa baadaye. Anayetaka jike kwa uhakika ang'oe otea kwenye kichaka kinachozaa. Litafuata mama yake. Ila tusipande maotea matupu: bila dume hakuna tunda lenye mbegu, na ndege na nyani wanaotusambazia watakosa kazi.

Kamati pia ilikataa zawadi ya mitende ya mapambo, ile minene ya Visiwa vya Kanari inayopandwa mahotelini. Mfadhili alinuna kidogo. Mitende hiyo huzaliana na mkindu, nasi tunataka mbegu isiyochanganyika.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Baada yake tutapigia kura pendekezo moja: jani changa moja kwa kila shina, kisha kungoja mawili yafunguke kabla ya kukata tena. Wasukaji ndio watakaotangulia kusema.