Kifaa cha kutakasia maji, safari ya Kolo

Ndugu wanakikundi, kwa kuwa tutalala vilimani Kolo, Kondoa, naomba anayenunua kifaa cha kuua vimelea kwa miali ya urujuanimno (mwanga wa UV wa taa ndogo inayotumbukizwa majini) achague kinachotumia betri za kawaida za dukani, maana porini hakuna pa kuchajia. Vingi huhitaji takriban sekunde 90 kwa lita 1, huku ukikoroga. Maji ya visima vya mchangani huwa na tope, nalo huwakinga vimelea dhidi ya mwanga. Kwa hiyo yaacheni yatuame, kisha myachuje kwa kitambaa safi kabla ya kuwasha taa. Futeni pia matone ya mdomoni mwa chupa, kwani hayajafikiwa na miali. Chumvi iliyomo majini haitaondoka kwa miali (wa Dodoma tumeshaizoea). Betri za akiba kila mtu abebe zake.