Kabla hujasaini

Mwanangu mpenzi,

Juzi uliponiambia kwamba Ijumaa ijayo unaitwa kusaini mkataba wa kadeti, nilisema "sawa" nikakata simu. Haikuwa sawa. Tangu hapo zamu ya usiku naipitisha nikikunja mashuka ya hoteli huku moyo uko kwako.

Usisaini kabla hujakisoma kile kipengele cha anayeshindwa kumaliza. Yule mama tunayekaa naye benchi moja kanisani, ambaye mwanawe alipitia ROTC, huo huo mpango wenu wa jeshi la Marekani wa kuandaa maofisa wakiwa chuoni, amenieleza: ukishasaini na kupokea ufadhili, kisha ukaacha au ukafeli, jeshi linaweza kudai hela ya masomo irudishwe, au likakuita kazini kama askari wa kawaida. Hilo hukuniambia. Uliniambia dola 420 za kila mwezi, ada inayolipwa, na ile kambi ya kiangazi ya Fort Knox, kwamba ni karibu na hapa Louisville. Mazuri yote uliyataja.

Mkataba wako wa kwanza, ule wa Walinzi wa Taifa, hao askari wa akiba wa jimbo, niliujua kwa kukuta buti mlangoni. Yamepita. Lakini huu wa pili, mama, usiufanye hivyo.

Nimekusikia uliposema kadeti aliyesaini hapelekwi vitani na kikosi chake mpaka ahitimu. Hilo limenipunguzia hofu nusu. Nusu nyingine ni ile kemia. Mwaka jana ulipata B, sasa C, na bado unaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezi, na kila mwezi wikiendi moja ni ya kikosi. Utasoma saa ngapi? Bila digrii hakuna anayekuvisha uluteni usu, hata uwe hodari wa kupiga kwata namna gani. Na ukishavishwa, miaka ya kulitumikia jeshi ni minane, ukijumlisha ya akiba. Umeihesabu? Utakuwa na umri gani itakapokwisha?

Sikukatazi. Bibi yako, aliyewakimbia wanajeshi Burundi mwaka 1972 akavuka kuingia Kigoma, ile picha yako ya magwanda aliigeuza ikatazama ukuta wiki nzima. Sasa anaipangusa vumbi mwenyewe, na mgeni akiingia ndiyo anayoonyeshwa kwanza. Mimi siku ile ulipopita na bendera nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Najua pia kwamba ule ufadhili wa miaka minne ungeuomba ukiwa bado sekondari kama karatasi za uraia zingekuwa tayari. Mtihani wa uraia ulikuwa kwa Kiingereza, na kila mwaka nilisema mwakani. Nilipokula kiapo, nawe ukawa raia kupitia kwangu, muda wa kuomba ulikuwa umeshapita. Basi mwaka wa kwanza na wa pili umesoma kwa mkopo. Ndiyo maana sitaki karatasi nyingine ikuumize.

Mwombe huyo kapteni wenu nakala, uje nayo nyumbani. Tukae mezani uisome kwa sauti, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kama ulivyokuwa ukinisomea barua za hospitali. Akikataa kukupa nakala, usisaini.

Friza imeanza kuvuja tena, nyama nimeipeleka kwa jirani. Mdogo wako anasema jino linamuuma lakini daktari ana nafasi mwezi ujao tu. Mpigie, wewe anakusikiliza, umwambie aache pipi. Dagaa wa Kigoma wamefika, nimekuwekea mfuko mmoja, bibi anauchungulia kila siku.

Njoo Jumamosi, si Jumapili, maana Jumapili nina zamu. Uje na mkataba, na ile sufuria kubwa uliyoondoka nayo Krismasi. Wageni wa kipaimara ni wengi na sina cha kupikia wali.

Mama yako