Harambee ya kidimbwi cha shule, tunaomba mtushike mkono

Wazazi, majirani na nyie wote mliosoma hapa zamani, habari zenu. Mnalikumbuka lile bomba lililokuwa linavuja nyuma ya madarasa? Pale chini palikuwa pametuama maji na kila mapumziko watoto wanajazana kuangalia ndege wanaoga, vipepeo wametua kwenye tope wanafyonza chumvichumvi, chura nao hawakosi. Bomba likatengenezwa, ilibidi maana maji yalikuwa yanapotea bure, basi haikupita wiki pakakauka na viumbe vyote vikahama. Mtoto wa darasa la pili akaniuliza, mwalimu wameenda wapi? Nilikosa la kumjibu.

Sasa tunataka kuchimba kidimbwi cha ukweli. Mchango wenu utanunua turubai zito la kutandika chini, mabomba ya kuleta maji ya mvua toka paani (ya mferejini yana klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, si nzuri kwa viumbe wa kidimbwini), fensi na geti la kufuli kwa ajili ya wale wadogo, na miche ya maua na vichaka vya asili ya hapa hapa, sababu vipepeo wengi hawatagi popote tu, kiwavi ana majani yake na mengine hagusi hata akifa njaa. Samaki hatuweki, watamaliza mayai ya chura. Upande mmoja tutapanga mawe kwa mteremko, kiumbe akitumbukia apate pa kupandia.

Wengi mmeuliza kuhusu mbu na mna haki kabisa. Watoto wa kereng'ende wanaishi majini na wanakula viluwiluwi vya mbu, ila mpaka waje wenyewe itachukua muda, kwa hiyo kila siku chache tutavichota kwa kichujio, hilo nalisimamia mimi.

Kama pesa haipo usijisikie vibaya, leta gogo linalooza au mabua yenye tundu, maana nyuki wa aina nyingi hawana mzinga, kila jike anajijengea kiota chake kwenye bua au ardhini. Na nyumbani jamani acheni kona moja isifyekwe wala kupigwa dawa, hata ndege wengi wanaokula mbegu wanalisha vifaranga wao wadudu.

Michango mpeni mwalimu wa darasa, mdai risiti, na hesabu zote tutabandika ubaoni. Kuchimba ni Jumamosi asubuhi, mwenye jembe aje nalo.