Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Seli za watoto wetu ziandaliwe Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dodoma, na nakuandikia kuhusu watoto wenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi.

Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto hawa, na kwetu Kanda ya Kati hilo ni jambo kubwa mno. Kinachoniuma ni wanaobaki nje. Upandikizaji huo kwa kawaida hutegemea ndugu ambaye uloto wake unaoana na wa mgonjwa, na kwa kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja uwezekano ni robo tu. Nchini kwetu huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayotumia seli za mgonjwa mwenyewe: zinatolewa, zinarekebishwa vinasaba maabara, zinarudishwa mwilini. Ndugu hahitajiki. Ila bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na kuziandaa seli kunaweza kuchukua hadi miezi 6. Kwa mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, miezi 6 ni mingi.

Sisi tunaoshinda na seli tunajua muda unapotelea wapi. Seli zenyewe hazikimbizwi. Zinataka nyuzi 37, kabonidioksaidi asilimia 5 na lishe safi. Maji ya lishe yakitoka wekundu yakaelekea njano, yamechacha, yabadilishwe leoleo. Lakini hata zikishakua, kipimo cha zamani cha kuthibitisha kwamba hazina bakteria wala fangasi huchukua siku 14. Njia za haraka zipo. Hapo ndipo pa kuokoa muda.

India imeonyesha inawezekana. Oktoba 2023 iliidhinisha NexCAR19, tiba ya saratani ya damu inayotokana na seli za mgonjwa, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bei ya Marekani. Kazi hiyo ilianzia chuoni, IIT Bombay, ikishirikiana na hospitali ya Tata Memorial. Nasi tunayo UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Benjamin Mkapa ni jirani yake.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni chumba safi cha kuandalia seli kati ya taasisi hizo mbili. Kianze na kazi ya kuchakata na kugandisha seli za uloto, wataalamu wetu wazoee, ndipo tufike kwenye vinasaba. Kiwe na umeme wa akiba wa kwake na naitrojeni ya kimiminika isiyokatika. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wawezeshwe kutathmini vipimo vya haraka mapema, kabla seli ya kwanza haijakuzwa. Na vitendanishi vya baridi, yaani kemikali zetu za maabara, visilale forodhani: kinachotakiwa kukaa nyuzi 20 chini ya sifuri kikisubiri muhuri hadi Jumatatu, kinachotufikia Dodoma ni cha kutupa.

Bajeti ya wizara yako itasomwa hapahapa Dodoma. Naomba chumba hiki kiwemo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteknolojia wa maabara, Dodoma